Kumi kwa Kumi: Maisha ya Jilo Komora, Seremala na Mchezaji wa Mpira wa Meza

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Ngao leo, familia inawaomba mtulie kidogo, tumtaje mwenzetu Jilo Komora vile alivyokuwa, na pale palipo pagumu hatutaparuka.

Jilo alizaliwa hapa hapa tarehe 9 Agosti 1984, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Komora na mama Hawaye, akafuatwa na mdogo wake wa pekee, Mwaro, mwaka 1987. Alisoma shule ya msingi kijijini hadi mwaka 1999, akajifunza useremala Hola, akafungua karakana Garsen mwaka 2006, na tarehe 12 Disemba 2009 akamwoa Dhahabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Katika karakana hiyo aliunda meza ya mpira wa meza, na hapo ndipo maradhi yake ya kutaka ushindi yalipoanza, maana kila jioni aliandika daftarini shabaha ya kesho, juu kidogo ya alipofikia leo, na akaifikia, hata akawa bingwa wa kaunti mwaka 2014 na 2016. Mtu mmoja tu Jilo hakuwahi kumfunga, naye ni Mwaro, aliyecheza huku akicheka, hajali alama, jambo lililomkera kaka mtu mpaka chakula hakimshuki.

Alasiri ya tarehe 3 Mei 2018, humo karakanani, ndugu hao wawili walifika kumi kwa kumi katika seti ya mwisho, na kwa sheria ya mchezo huu, sare hiyo haina mshindi mpaka mmoja atangulie kwa alama mbili, hata ikichukua siku nzima. Maji ya mafuriko ya mto Tana yakaingia chini ya mlango. Mwaro akaweka raketi mezani, akasema anakwenda kumtoa shangazi yao kwa mtumbwi, Jilo asiguse kitu, watamalizia akirudi. Shangazi alipatikana mzima juu ya paa, mwili wa Mwaro ulipatikana siku ya tatu.

Maji yalipopungua Jilo alisimamisha nusu ya meza kama ukuta, wafanyavyo wachezaji wasio na mwenzao, akaendelea na seti ile ile. Dhahabu, aliyekuwa akishona mlangoni, alidhani ni majonzi tu, mpaka aliposikiliza vizuri, akasikia mpira ukigonga raketi ya mumewe, ukigonga meza, na kule kwenye ubao mtupu ukiitika kwa mlio mzito wa raketi nyingine. Alama zikapanda, mia kwa mia, elfu kwa elfu. Aliogopa, na hakumwambia mtu hadi msiba huu.

Mkono wa Jilo haukufifia, lakini mashindanoni kila alipotangulia kwa alama moja baada ya sare alipiga nje kusudi, na mwaka 2022 huko Mombasa akatolewa raundi ya kwanza. Mwalimu wake, Omar, alimwambia wazi kwamba zamani alicheza kwa hamu ya kushinda, sasa anacheza kwa hofu ya kumaliza, kwa sababu seti ikiisha Mwaro hatakuwa na sababu ya kurudi.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024, akawa akisafishwa damu Malindi. Tarehe 17 Juni 2025, saa kumi alasiri, aliomba raketi, akasimama mbele ya ubao ule, Dhahabu akamshika kiuno asianguke, akamsihi amwache mdogo wake aende. Alama zilikuwa sare na zamu ya kuanzisha ilikuwa ya Jilo, akapiga nje, Mwaro akatangulia kwa moja. Zamu iliyofuata haikuwa yake, na Dhahabu anaapa kwamba mpira ulitoka upande wa ubao, polepole, mpira ambao hata mtoto angeurudisha, na Jilo akashusha mkono, akauacha upite, ikawa alama ya pili, akacheka. Alifariki kesho yake saa mbili asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, mafundi wenzake waliochonga jeneza, na mwalimu Omar. Dhahabu ameomba tutamke kwa sauti, ili pande zote mbili zisikie, kwamba seti imekwisha. Pumzika sasa, Jilo, na Mwaro naye apumzike.