Lekishon Yiamat, Waskoti, na Watu wa Juu wa Mfereji

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani wa Nduruma, na ninyi mliosimama kule barabarani nje ya lango, mimi Namnyaki, mjane wa marehemu, shule sikwenda, haya nimeyasema kwa mdomo wangu na mjukuu wetu Irine ameyaandika, naye ndiye anayewasomea, penye ukali msimlaumu yeye, ukali ni wangu.

Marehemu Lekishon Yiamat alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Sambasha, magharibi ya Mlima Meru, mtoto wa tatu wa mzee Yiamat, mfugaji na mkulima. Alisoma hadi darasa la nane mwaka 1965, akatamani kuendelea, lakini baba yake akasema ng'ombe hachungwi kwa kitabu, ikaishia hapo.

Mwaka 1968 aliajiriwa udereva na daktari mmoja wa mifugo, mzungu, aliyekuwa akizunguka Terrat na kwingineko kuchanja ng'ombe, na hapo taabu yangu ikaanza hata kabla sijamjua mume mwenyewe. Siku ya kwanza alimwambia yule mzungu, karibu chai, Mwingereza wetu, mzungu akaweka kikombe chini akasema, mimi si Mwingereza, mimi Mskoti, ukirudia tena utarudi kwenu kwa miguu. Lekishon alilisimulia hilo maisha yake yote, anapiga paja na kusema, kumbe wazungu nao wana makabila, tena wanasusiana!

Tulifunga ndoa tarehe 8 Januari 1972, akanitoa kwetu juu, mfereji unakoanzia, nyumbani kwa baba yangu mzee Sankale, akanileta huku chini, Mungu akatujalia Gerson, Anna, Lesian, na Nashilu aliyetutangulia akiwa mchanga. Yule daktari aliporudi kwao Uskoti alimwachia redio, na tangu hapo nyumba yangu ikawa na wake wawili.

Marehemu alistaafu mwaka 2004, wenzake wakapumzika, yeye kwa redio yake akahamia bunge la London. Nakamua, ananijia na kiti chake, sikiliza Namnyaki, Waskoti wana bunge lao nyumbani tangu mwaka 1999, wanajiamulia shule zao na hospitali zao, lakini wabunge wao bado wanakaa London na kupigia kura shule na hospitali za Waingereza, na Mwingereza hawezi kugusa za kwao, je, hiyo ni haki? Nikamjibu, baba Gerson, sijui, nishikie ndama. Mei 2015 chama cha Waskoti kilipopata viti hamsini na sita kati ya hamsini na tisa vya kwao, alitembea kijiji kizima kama mtu aliyepokea mahari, nikamuuliza, kwani wewe ni Leba, ni Konsavativu, au ni Mskoti, akasema, mimi sina chama, natazama haki tu. Mtu asiye na chama, na ugali wangu unapoa kwa ajili ya vyama!

Mngeniambia yangeishia redioni ningevumilia, lakini yalishuka mpaka kwenye mfereji. Mnajua wote kwamba watu wa juu, kwa kaka yangu Philemoni, walikuwa na kamati yao ya mfereji mdogo, sisi wa chini tusiingie, ila kwenye mkutano mkubwa wa mfereji wote walikaa nasi na kupiga kura juu ya zamu zetu za maji. Oktoba mwaka ule wa 2015 London waliweka utaratibu kwamba jambo la Waingereza peke yao lisipite bila wabunge wao wenyewe kulikubali, na marehemu akasimama mkutanoni akasema, basi nasi tukijadili zamu za chini, wa juu watoke nje. Philemoni akamwuliza, shemeji, unanitoa nje kama mbwa? Akajibu, si mimi, shemeji, ni London. Nimemwuliza Irine, amenihakikishia kwamba huko London hakuna mtu aliyetolewa nje, walihesabu kura tu, hilo la kutoa watu nje alilitia mume wangu mwenyewe, na wanaume wazima wa chini mkanyoosha mikono!

Wa juu walitoka, mara ya kwanza wakangoja nje, mara ya pili wakaenda zao, na siku ya kuzibua mfereji hawakutokea, mawe yakabaki, na tulipomzika mzee Tajeu wa huku chini walisimama barabarani kama leo, wakisema, hili si jambo la wa chini? Julai 2021 London wakaufuta utaratibu wao, nilisikia kwa masikio yangu, nikamwambia, haya, bwana wa haki, mrudishe kaka yangu ndani, akazima redio akasema, Waingereza wamekosea. Miaka hamsini ya kuwasifu, siku hiyo ndiyo wakakosea!

Februari 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na presha na figo, akalazwa mara kwa mara hapa Arusha. Julai, chama cha Waskoti kilipobaki na viti tisa na Leba wakachukua vingi, alimwuliza muuguzi wake, Sia, binti wa Machame, dada, una maoni gani kuhusu Uskoti, naye akamwambia, babu, maoni yangu ni unyooshe mkono nikupime presha. Novemba 2025 alipata kiharusi, ulimi ukawa mzito, na tarehe 11 asubuhi Philemoni alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi, hakuingia. Marehemu akainua mkono. Philemoni akautazama, akadhani anafukuzwa tena, akageuka. Mchana ule ule Bwana akamtwaa Lekishon.

Tunawashukuru Dokta Manase na wauguzi, hasa Sia, kwa uvumilivu wao mkubwa kuliko wangu, tunawashukuru majirani waliochimba kaburi, kina mama waliopika, na madereva wenzake wa zamani waliofika kutoka Engutoto.

Sasa Irine, soma polepole. Kaka yangu Philemoni, mkono ule niliushika mimi, kabla hajauinua ulikuwa unanivuta niende mlangoni nikulete, alikuwa anakuita, ulimi tu ndio uliomnyima. Nilikufuata mbio hadi getini pa hospitali, sikukupata, miguu yangu unaijua. Basi ingia, na wote wa juu mwingie, udongo wa upande wa mke ni wenu kuuweka, na mchungaji amenikubalia kwamba kaburi halifukiwi mkiwa barabarani. Wa chini, sogeeni muwape nafasi, na asitokee mtu kuniambia tupige kura, nimeolewa na kura miaka yote hii, zimenitosha. Irine asiendelee mpaka awaone wamesimama kando ya jeneza.

Haya, baba Gerson, wameingia. Pumzika sasa, mume wangu, na utupumzishe na sisi.