Maji ya Pacha Wawili

Ndugu zangu wa hapa Nemba, Bwana apewe sifa! Wengi mnamfahamu binti yangu Butoyi, huyu wa kwaya. Leo nataka mjue kwamba alizaliwa na pacha wake, Bukuru.

Niliwazaa kambini kule Ngara, miaka ile tulipokimbia Burundi. Kibanda chetu cha turubai kilikuwa bondeni, karibu na maji yaliyotuama. Kila asubuhi nyuso za wanangu zilijaa vipele vya mbu kama punje za ulezi. Niliwaosha kwa maji baridi na sabuni, nikawakanda kwa kitambaa kibichi, na kucha zao nikazipunguza kwa meno yangu wasijikune wakatoka damu. Vipele vilinywea. Lakini mbu, ndugu zangu, haachi kipele tu!

Asubuhi moja Bukuru alikataa titi. Mwili ulikuwa moto. Nikamfunga mgongoni niende zahanati, Butoyi nikamwacha kwa mama mkwe. Mama mkwe akanifuata mlangoni.

"Mbebe na huyu!"

"Mama, huyu ni mzima, ana vipele tu."

"Anachopewa pacha mmoja hupewa na mwenzake. Hukukuzwa kwenu? Beba!"

Nikambeba kifuani. Kwenye foleni wanawake walinitania: "Na huyo wa mbele amekuja kusindikiza?" Nami nikacheka.

Muuguzi alimpima Bukuru. Kisha akamgusa Butoyi kifuani, akashtuka. "Mama, na huyu homa imeshaanza." Ilikuwa malaria, kwa wote wawili. Wote wakapewa dawa. Bukuru, dawa ilimkuta amechelewa. Alifariki kabla jua halijazama. Butoyi akaishi.

Kwetu mama wa pacha halii, asije aliyebaki akamfuata mwenzake. Sikulia. Kesho yake nikachota maji ya kuogesha watoto wawili, kwa mazoea. Nilipoona beseni limejaa, machozi yaliniponyoka yakaingia majini. Mama mkwe aligeuza uso, akajifanya anachochea moto.

Ndugu zangu, kwa nini Bwana alimchukua mmoja, sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba alisimama mlangoni pangu kwa mdomo wa mama mkwe, akaniachia mmoja. Wenye vichanga, kipele kiosheni nyumbani. Homa ikimbizeni kwa daktari, huku mkiomba. Na wewe uliyebaki na maji ya mtoto asiyekuwepo, njoo kwake Bwana nayo hivyo hivyo. Mimi ndivyo nilivyokwenda, naye hakunifukuza.