Mwalimu Faustina Kalinga na Desimali za Darasa la Tano

Marehemu Faustina Kalinga alizaliwa tarehe 14 Mei 1963 huko Ifunda, Iringa, mtoto wa pili wa Mzee Samwel Kalinga. Alisoma hukohuko, na mwaka 1984 akapata cheti cha ualimu.

Mwaka 1985 alipangiwa kazi Mbeya, akafundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi hapa Ilomba. Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa ya Kilutheri na baba yetu, Anord Mwambene. Baba husema alimpendea sauti. Sisi wanawe tunajua sauti ile ilikuwaje ukichelewa kurudi nyumbani.

Mwaka 1994 mwalimu wa Hisabati alihamishwa, Mama akaachiwa darasa la tano. Akawafundisha kujumlisha desimali kwa kupanga tarakimu kuanzia ukingo wa kulia, kama namba nzima. 2.5 kujumlisha 1.25, akaandika ubaoni 1.50. Mwanafunzi wake Shedrack akauliza, "Mwalimu, mbona tumeongeza halafu jibu limepungua?" Akachapwa kwa ubishi.

Darasa lile lilishamaliza la saba na kutawanyika siku Mama alipounganisha vitambaa vya sare za kwaya, mita 2.5 na mita 1.25. Alipima, akapima tena. Jioni ile hatukupikiwa.

Akamfuata Shedrack hadi Mgololo, baba yake alikohamia kufanya kazi kiwandani, akamwomba radhi mbele ya wazazi wake.

"Mwalimu, mimi nilishasahau."

"Mimi sijasahau, mwanangu."

Aliporudi aliomba kufundisha Hisabati. Darasani aliwapanga watoto wawe tarakimu. Mtoto mmoja alikuwa Nukta, haruhusiwi kusogea. Kushoto kwake walisimama mamoja, kulia sehemu za kumi, kisha sehemu za mia, kila mmoja nyuma ya mwenzake wa nafasi ileile. Palipokosa mtu, alisimama Sifuri. Watoto waligombania kuwa Nukta.

Alistaafu mwaka 2023. Presha ilimsumbua, kisha figo, hadi alipofariki Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025. Wodini hakuacha kuniuliza, "Na wale wengine je?" Hakuwahi kuwapata wote wa darasa lile, na hilo lilimtesa kuliko figo. Akaniambia, "Siku ya kusoma wasifu wangu usinisifie sana. Warekebishie hesabu."

Ameacha mume, watoto watatu, Pendo, Timotheo na mimi Didas, na wajukuu wanne. Shedrack ni mmoja wa waliobeba jeneza.

Sasa natimiza agizo. Kama ulikaa darasa lile na uko hapa, panga nukta chini ya nukta. Jibu ni 3.75. Mwalimu wako anaomba umsamehe, apate kupumzika kwa amani.