Mlango Ulimjua Bedan

Mwaka wa tisini na tisa, watu walipokuwa wakingoja kompyuta zote za dunia zife usiku wa kuingia elfu mbili, zile za chuo kimoja kidogo cha Thika zilikuwa hai, na hapo ndipo shida ya Waridi ilipoanzia. Aliketi kwenye benchi ya Farouk muuza kahawa, mtaani Kiganjo, binti yake Muna amelala mgongoni, maneno yakimtoka mbio: kwamba programu ya matokeo ya mitihani ni yeye aliyeiandika, kwamba kila mwanafunzi ana jina na paswadi yake, kwamba asubuhi kijana Bedan ameingia vizuri tu, akabadilisha namba iliyoko juu ya ukurasa, na matokeo ya msichana mmoja yakafunguka, darasa likacheka, msichana akalia, na mkuu wa chuo amesema kufikia saa kumi Waridi aonyeshe kosa na dawa yake, ama asirudi kazini.

— Paswadi imeibwa, alisema Macharia, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hiyo inaingiaje hapa? Farouk aliuliza.

— Inaingia tu.

— Hajaiba, Waridi alisema. Ametumia yake, nimeangalia mimi mwenyewe!

— Basi ni ule ugonjwa wa elfu mbili, alisema Muriithi fundi wa redio, ambaye wao humwita Daktari. Umefika mapema.

— Mapema aje, buda?

— Japan saa hii ni usiku.

— Usiku si mwaka ujao!

— Haba na haba, Redio.

Farouk alimimina kahawa.

— Mama Muna, kaza mlango. Mtu aulizwe jina lake, la babake, la shangazi yake.

— Hata nikimuuliza ukoo mzima, atajibu! Si ni ukoo wake?

Waridi alisema hivyo kwa hasira, wala hakusikia alichokisema mwenyewe.

— Mimi naona mashine imemzoea, alisema Redio. Mbwa wetu kule Gitothua akikujua, unabeba kuku na anakusindikiza hadi barabarani.

Walicheka wote isipokuwa Waridi. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa amesimama akingoja kikombe, akauliza:

— Samahani. Baada ya kumjua huyo kijana, nani alimwuliza haya matokeo ni ya nani?

Daktari aliinamia redio iliyokuwa magotini pake.

Waridi aliipitia programu kichwani, mstari kwa mstari. Jina. Paswadi. Sawa, ingia. Kutoka hapo kila ukurasa uliuliza kama mtu ameingia. Hakuna uliouliza kama kile anachotaka ni chake.

— Hakuna, alisema.

— Sasa mkuu utamwambia nini? Farouk aliuliza.

Waridi alikuwa ameshasimama, akikaza leso aliyombebea mtoto.

— Sijui. Acha kwanza nikaandike hilo swali kwenye programu.