Ndege Hachunwi Kabla Hajachanwa

Miaka thelathini na minne ya utumishi katika makumbusho yetu inatimia tarehe 30 Juni, siku ambayo mtunza wadudu wetu, tumwitaye sote Shangazi Chawa, anastaafu rasmi. Jina hilo alipewa kwa kejeli na wachuna ndege, wanaowachuna ngozi ndege wa kuhifadhiwa. Yeye akalivaa kama nishani.

Alianza kama msaidizi katika chumba cha ndege, na humo ndimo alimoweka sheria yake: ndege yeyote aliyeletwa amekufa alazwe juu ya karatasi nyeupe, apitishwe kitana, chawa wake wakusanywe, ndipo kisu kifuate. Mchuna ndege mkuu alilalama kwamba anacheleweshwa na saluni ya maiti. Shangazi alimwambia asubiri zamu yake kama wateja wengine, akaendelea kuchana.

Kisha ukaja ule mwaka wa kelele. Uongozi ulitaka droo za chawa zitupwe ili mbawakawa wa maua wapate nafasi. Hoja ilikuwa moja tu: mbawakawa anang'aa, wageni wanampenda. Hoja gani hiyo! Tangu lini makumbusho yakawa duka la vipuli?

Shangazi aliwaita wakubwa kwenye hadubini, akawaonyesha wadudu wote wawili. Mbawakawa ana vinyweleo vya kubebea chavua na mbawa za kumhamisha. Ua likinyauka, anabisha hodi kwa jirani. Chawa wa ndege hana mbawa. Mwili wake bapa unapenya kati ya manyoya, na kucha zake ni za kumshika mwenyeji wake asidondoke. Mwenyeji akitoweka, naye ndiyo kwaheri.

Hapo akafungua droo ya chawa wa korongo wetu, yule aliyeishi kwenye bwawa moja tu duniani, akatoweka lilipokaushwa. Mbawakawa wa bwawani walihamia mashambani, wakanawiri. Chawa yule hayuko popote duniani ila humo. Mkurugenzi aliomba kiti, akatazama tena. Droo hazikuguswa.

Tulipomuuliza ataishije sasa, alicheka, akasema ameng'ang'ania ndege mmoja vya kutosha. Zamu hii ni ya maua, na wajukuu wajiandae kubishiwa hodi.

Sisi tulichohofia ni sheria yake kustaafu pamoja naye. Jumatatu iliyopita aliletwa njiwa aliyegonga dirisha. Mchuna ndege mkuu, yuleyule wa saluni, aliweka kisu chini, akatandaza karatasi nyeupe, akaomba kitana.

Asante, Shangazi, kwa ubishi wako wote. Ustaafu wako uwe mtamu, na maua yasikuishie.