Mama Maswali na Dodoso la Watu Wazima

Nani kati yenu aliwahi kumuuliza mtoto wake kinachomnyima raha, kisha akanyamaza amsikilize? Shangazi yangu alifanya hivyo miaka ishirini na sita.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Alihitimu shahada ya saikolojia mwaka 1995, na mwaka 1999 akaajiriwa katika taasisi ya utafiti wa afya, chumba namba tisa, mkabala na stoo.

Huko alikabidhiwa dodoso la kupima msongo wa mawazo, lililotungwa kwa ajili ya watu wazima, akaambiwa awape wanafunzi. Swali la kwanza liliuliza kama wameshindwa kusimamia mambo yao muhimu. Kijana wa miaka kumi na minne akacheka: "Mama, mambo gani? Mimi hata saa ya kuoga napangiwa!" Shangazi naye akacheka, akafunga faili. Tangu siku hiyo alikaa nao sakafuni akiandika mizigo yao kwa maneno yao wenyewe: kuzomewa darasani, wazazi kugombana, kulinganishwa na dada. Wakambatiza Mama Maswali.

Mwaka 2003 aliolewa na fundi umeme, aliyezoea kumtania, "Mke wangu, mpaka nibalehe upya ndipo unisikilize?"

Dodoso la vijana alilolitunga kwa maneno hayo lilikamilika mwaka 2019. Mkurugenzi wake alilikataa. "Tukibadili maswali, takwimu zetu hazitalingana na za wengine," alisema, akalifungia kabatini. Yupo hapa leo, na anisikie.

Figo zilianza kumsumbua shangazi Agosti 2023. Kila nilipomtembelea wodini aliuliza, "Wameanza kulitumia?" Nilimjibu, "Bado, shangazi." Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa kumi alasiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, na kaka yake, ambaye ni baba yangu. Mungu ampumzishe, sisi tuliobaki bado hatujastahili kupumzika.

Asubuhi iliyofuata kifo chake nilikwenda kuwapa taarifa wanafunzi aliokuwa akifanya nao kazi. Wengi walilia. Kabla hawajafuta machozi, watu wa taasisi wakaingia na lile dodoso la watu wazima, maana ratiba ni ratiba. Msichana mmoja, macho yamemvimba, akanyoosha mkono.

"Hapa wanauliza kuhusu mwajiri wangu. Niandike nini?"

"Andika sifuri," akajibiwa. "Maana yake huna tatizo."

Darasa zima likainama, likaandika sifuri.