Bwana Nimekuelewa, Karani wa Malalamiko

Kwa mujibu wa salamu za rambirambi za Idara ya Maji, zilizosainiwa na kupigwa mhuri, marehemu alikuwa msikilizaji bora kuliko wote katika historia ya idara hiyo. Familia imezipokea kwa shukrani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa saba kati ya watoto tisa, katika nyumba ambayo aliyechelewa kusema hakusema kabisa. Shuleni alijibu maswali kabla mwalimu hajayamaliza. Mara nyingine alipata.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa karani wa malalamiko. Alimmaliza kila mteja kwa dakika mbili, akimkatiza kwa neno "Nimekuelewa," hadi likawa jina lake. Bibi mmoja aliyekuja kusema bomba limepasuka na sebule inaogelea aliondoka na fomu ya kuomba kuunganishiwa maji. Mwaka 1998 idara ilimtunuku cheti cha kasi ya huduma.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977. Mjane wake husimulia kwamba siku ya kumposa aliuliza marehemu, akajibu marehemu. Walijaliwa binti mmoja.

Juni 2003 binti huyo, wakati huo mke wa mtu, alirudi nyumbani na begi.

"Baba, nimekuja kwa sababu..."

"Nimekuelewa, mwanangu. Ndoa ni uvumilivu. Rudi kwa mumeo."

Akarudi. Mlango ulipofungwa, mkewe akasema, "Mzee, mtoto kakaa hapa muda wote kaushika mkono wake. Umemwuliza una nini?"

Hakuwa amemwuliza. Jumamosi iliyofuata alipanda basi hadi kwa binti, mkwe akiwa kazini. Binti alimkaribisha jikoni, akampikia chai, habari ya mkono asiiguse. Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu akasema, "Leo usiseme kitu, baba."

Hakusema. Binti alizungumza saa nzima, kuanzia kwenye mkono. Alipotua, marehemu aliuliza neno moja tu: "Halafu?" Ikapita saa nyingine. Jioni hiyo walirudi nyumbani wote wawili, na begi.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2021 kiharusi kilimwondolea usemi. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024, binti yake akimsimulia habari za shule ya watoto wake. Binti alimaliza kusimulia, kisha akamwita muuguzi.

Tunamwombea pumziko lenye amani. Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, na barua tatu za onyo kutoka Idara ya Maji, zote za baada ya 2003, kwa kosa la kukaa muda mrefu mno na kila mteja.